Kezilahabi na Haki ya Kuwa na Shaka

Mwaka 1971 Albania na Tanzania, nchi mbili zisizopakana wala kushirikiana lugha, zilikutana mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa New York, ambako tarehe 25 Oktoba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, azimio lililowasilishwa na kundi la nchi ambazo Albania na Tanzania zilikuwa miongoni mwao, na ambalo balozi wa Tanzania wa wakati huo, Salim Ahmed Salim, alilipigania kwa nguvu zake zote. Mara ya pili ilikuwa katika fasihi, na haikutangazwa popote. Mwaka huohuo Ismail Kadare, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Albania aliyekuwa na umri wa miaka 35, alichapisha Kronikë në gur, riwaya inayosimulia utoto katika Gjirokastër, mji wa mawe alikozaliwa. Na mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi, kijana wa miaka 27 aliyekuwa amehitimu Chuo Kikuu mjini Dar es Salaam mwaka mmoja tu nyuma, alichapisha Rosa Mistika, riwaya inayoanzia Namagondo, kijiji cha kisiwani Ukerewe alikozaliwa yeye. Kila mmoja alianzia nyumbani kwao, kila mmoja alikuwa raia wa nchi ya chama kimoja iliyokuwa imetangaza kuujenga ujamaa, na kila mmoja aliandika mashairi na riwaya bila kuuacha upande mmoja kwa ajili ya mwingine. Njia walizopita baada ya hapo zilitofautiana sana, na tofauti hiyo inasaidia kumpima Kezilahabi kwa kipimo kinachomstahili, ambacho kwa muda mrefu wasomaji wa Kiswahili wamemnyima.

Maisha ya Kadare yanajulikana kwa wapenzi wa fasihi duniani kote. Alizaliwa Januari 1936, akasoma Tirana na kisha katika Taasisi ya Gorky mjini Moscow, akarudi kwao mwaka 1960 Albania ilipogombana na Umoja wa Kisovieti. Alianza kujulikana kwa mashairi, lakini kilichomfungulia njia ya Ulaya ni riwaya yake ya mwaka 1963 kuhusu jenerali wa Kiitalia anayetumwa Albania kukusanya mifupa ya askari waliokufa vitani, ambayo tafsiri yake ya Kifaransa ilitoka Paris mwaka 1970. Chini ya utawala wa Enver Hoxha neno moja lisilopendeza liliweza kumfikisha mtu gerezani au kaburini, na Kadare mwenyewe, ingawa alikuwa na hadhi na aliwahi kuwa mbunge, aliwekewa vikwazo baada ya kuandika shairi la mwaka 1975 lililowashambulia vigogo wa chama. Na riwaya yake ya mwaka 1981, inayohusu idara ya dola inayokusanya ndoto za raia wote na kuzichambua ili igundue hatari kabla haijatokea, ilishutumiwa vikali katika mkutano wa waandishi wenzake. Kinga yake ilikuwa istiara, yaani kusimulia jambo moja ili msomaji aelewe jingine: aliandika juu ya masultani wa Kituruki wa zamani, na wasomaji wake wakaiona Tirana ya siku zao. Oktoba 1990 aliomba hifadhi Ufaransa, mwaka 2005 akawa mwandishi wa kwanza kupewa Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker, na Julai 2024 akafariki dunia mjini Tirana.

Kezilahabi hakukabiliana na dola ya namna hiyo, na itakuwa ni kuipotosha historia kumfanya mfungwa wa dhamiri ambaye hakuwa. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, shule iliyowaandaa vijana wa Kikatoliki kuwa mapadri, akaingia Chuo Kikuu, akafundisha shule za sekondari, kisha akarudi chuoni kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa mshahara wa serikali ileile ambayo vitabu vyake viliihoji. Uzito aliokabiliana nao ulikuwa wa aina nyingine, na pengine ni mgumu zaidi kuueleza, kwa sababu haukutokana na chuki bali na matumaini ya watu wema. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, tamko lililoifanya nchi ifuate siasa ya ujamaa na kujitegemea, sehemu kubwa ya uandishi wa Kiswahili ilijiona kuwa mshirika wa kazi ya kujenga taifa. Ngonjera, ushairi wa majibizano unaoghaniwa na watu wawili au zaidi mbele ya hadhira, ambao Mathias Mnyampala aliuendeleza, ulitumika kuieleza siasa hiyo shuleni na kwenye mikutano ya hadhara, na mwisho wake ulijulikana tangu mwanzo: mjinga huelimishwa, mvivu hutubu, wote wakaimba pamoja. Katika hali hiyo mtu aliyeuliza swali ambalo hana jibu lake alionekana mkosefu wa shukrani. Kezilahabi aliuliza kwa karibu miaka 40, naye hakujifanya kuwa na majibu, na hilo ndilo jambo kubwa zaidi katika maisha yake ya uandishi: aliichukua shaka kuwa njia ya kumtendea haki mtu wa kawaida, ambaye matumaini yaliyoandikwa na wengine yalikuwa yakimpita pembeni bila kumgusa.

Rosa Mistika inaanza na barua. Rosa, binti mkubwa wa Zakaria na Regina, anaandikiwa na kijana aitwaye Charles, baba anaigundua barua hiyo, na kipigo kinachofuata kinamwekea binti huyo woga wa wanaume ambao baadaye, akiwa mbali na macho ya baba, unageuka kuwa kinyume chake kabisa. Anakwenda sekondari Mwanza, na kutoka huko anakwenda Morogoro kusomea ualimu, na hapo ndipo riwaya ya kisiwani inapoifikia milima ya Uluguru. Katika chuo cha Morogoro mkuu wa chuo, mtu aliyekabidhiwa dhamana ya kuwalea walimu watarajiwa, anakuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi wake, uhusiano unaomgharimu kazi yake; naye Rosa anazidi kuteremka hadi mimba na kuitoa, hadi kuachwa na mchumba anayedai ubikira, na hatimaye hadi kujiua. Msomaji anayeishi Mafiga, katika manispaa ya Morogoro, anakijua chuo cha ualimu kilichoko Kigurunyembe, upande ule mji unapoanza kupanda mlima, na anawajua walimu waliotoka huko wakafundisha kizazi baada ya kizazi. Kwake yeye sura hizo si mandhari ya kubuni tu, zinahusu taasisi ya aina ileile ambayo mji wake umeitegemea na kujivunia.

Lakini Morogoro inampa msomaji wake jambo jingine, ambalo uhakiki wa kawaida wa Rosa Mistika haujalipa nafasi ya kutosha. Waluguru kwa jadi wanahesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ilirithiwa katika ukoo huo, na mjomba, yaani kaka wa mama, alikuwa na sauti juu ya wapwa wake ambayo baba mzazi hakuwa nayo. Mtu aliyelelewa karibu na utaratibu huo anapomsoma Zakaria, mlevi anayewapiga mkewe na binti zake na anayeihesabu mahari yao kuwa mali yake kabla hawajaolewa, anamwona baba ambaye mamlaka yake hayana mtu wa kuyazuia ndani ya nyumba, na anajiuliza mjomba wa Rosa yuko wapi. Swali hilo halimo kitabuni, kwani Ukerewe si Uluguru. Linaonyesha hata hivyo kwamba Kezilahabi hakuandika juu ya tabia mbaya ya msichana mmoja, kama walinzi wa maadili walivyodhani walipokikataza kitabu kisitumike madarasani kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Aliandika juu ya mamlaka, ya baba kwanza na ya mwalimu baadaye, na juu ya namna mamlaka hayo mawili yanavyopokezana mwili wa binti yuleyule. Miaka ilipopita kitabu hicho kilichokatazwa kiliingia katika orodha ya vitabu vya kufundishia sekondari nchini Tanzania na Kenya, jambo linalostahili kukumbukwa kila panapotokea haraka ya kukifungia kitabu kingine.

Mwaka 1974 alitoa vitabu viwili, riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Riwaya hiyo inasimuliwa na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini na kukuta kwamba elimu imemtenga na watu wake bila kumpa mahali pengine pa kukaa; anamwoa Sabina, dada wa Manase, mkuu wa wilaya ambaye familia yake ina uhasama wa siri na familia ya Kazimoto, mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, na Kazimoto anajiua. Wahakiki waliitambua mara moja athari ya udhanaishi, falsafa iliyoenezwa Ulaya na waandishi kama Jean-Paul Sartre na ambayo Albert Camus pia huhusishwa nayo, inayoshikilia kwamba maisha hayaji na maana iliyokwisha kutengenezwa na kwamba mtu anabeba peke yake mzigo wa kuitafuta. Wengine walimlaumu kwa kuingiza huzuni ya Paris katika nchi iliyokuwa na shughuli nyingi za kufanya. Lawama hiyo haina nguvu. Msomi wa kwanza wa kijiji, aliyesomeshwa kwa jasho la watu wasiojua kusoma, akarudi akashindwa kuzungumza na baba yake, hakuhitaji kufunzwa upweke na mtu wa Paris. Falsafa hiyo ilimpa Kezilahabi istilahi za jambo alilokwisha kuliona kwa macho yake kisiwani.

Kuhusu Kichomi inafaa kusimama kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo alipoumiza watu wengi. Ushairi wa Kiswahili wa mapokeo, ule uliokuzwa kwa karne kadhaa katika miji ya pwani, unaongozwa na vina na mizani. Vina ni silabi za mwisho zinazofanana, mwishoni mwa mshororo na mara nyingi katikati yake pia. Mizani ni idadi ya silabi katika kila mshororo, ambayo katika shairi lililozoeleka zaidi ni 16, zilizogawanywa nane kwa nane. Mwaka 1954 Amri Abedi alikuwa ameziandika kanuni hizo katika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichowasaidia watunzi wengi na kuwafanya wengine waamini kwamba utungo usiotimiza sheria hizo si shairi. Kezilahabi alikuja na mashairi yasiyo na vina wala mizani, ambayo mishororo yake inarefuka na kufupika kufuatana na pumzi na wazo, yenye lugha inayokaribia mazungumzo ya kawaida. Ubishi uliozuka, ambao katika historia ya fasihi ya Kiswahili unaitwa mgogoro wa ushairi, uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi magazetini, katika makongamano na katika vitabu, na waliosimama upande wa mapokeo walikuwa watu wazito, wakiwamo wataalamu wa pwani ambao ujuzi wao wa ushairi wa Kiswahili haukuwa na mfano.

Upande wa mapokeo ulikuwa na hoja ya kweli, na Kezilahabi hapati faida yoyote hoja hiyo ikifichwa. Kwa watu wa Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga, ushairi haukuwa kitu cha kusomwa kimyakimya kutoka kwenye karatasi. Ulighaniwa, ulihifadhiwa moyoni, ulitumika kujibizana, kuomba, kuonya na kuzika, na vina na mizani ndivyo vilivyouwezesha kukaa vichwani bila kuandikwa. Kuvitupa vitu hivyo kwa mkono wa mtu wa bara, aliyejifunza Kiswahili juu ya Kikerewe chake, kulionekana kama mgeni kuingia nyumbani na kuvunja nguzo. Kezilahabi hakuwaambia watunzi wa mapokeo waache. Alichokidai ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshakuwa lugha ya watu wengi ambao hawakukulia pwani, ambao ngoma zao, nyimbo zao na namna yao ya kusimulia zilikuwa na mapigo mengine, na kwamba lugha ikishawachukua watu hao haiwezi kuwakataza kuimba kwa sauti yao. Hata Mluguru anayetunga kwa Kiswahili analeta ndani yake kitu cha ngoma za milimani ambacho kipimo cha nane kwa nane hakikutengenezwa kukipokea. Wengine walikwisha kuanza au wakafuata, Ebrahim Hussein, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakiwa miongoni mwao, na leo ushairi wa aina zote mbili unafundishwa darasa moja bila mtu kugombana. Lakini aliyelipa gharama kubwa ya kuufungua mlango huo ni Kezilahabi.

Ni rahisi kusahau kwamba mtu aliyezivunja kanuni za ushairi alikuwa wakati huohuo akimsoma kwa makini Shaaban Robert, bingwa wa vina na mizani, kiasi cha kuandika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 juu ya riwaya za mzee huyo. Hakuwa mtu wa kudharau waliomtangulia. Alichokuwa akikitafuta kwao, na alichokikosa katika uandishi wa siku zake, ni mwandishi kukabiliana na maswali ya msingi ya maisha ya binadamu bila kujificha nyuma ya kauli za mkutano.

Riwaya mbili zilizofuata zilisogea karibu zaidi na siasa. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, Tumaini, kijana aliyetapanya urithi wake, anatulia na kuwa mkulima mkubwa Shinyanga, na siasa ya ujamaa inapofika kulichukua shamba lake anamuua kiongozi wa serikali na kunyongwa. Hakuna Mtanzania wa wakati huo aliyeweza kuisoma riwaya hiyo bila kumkumbuka Dakta Wilbert Klerruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyepigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi tarehe 25 Desemba 1971. Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, inaeleza uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa kupitia vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo, ambao majina yao pekee yanaonyesha kiu ya nyakati zile ya kuanza upya. Serikali ilikuwa imeagiza mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wakazi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini, na jambo lililohubiriwa mwanzoni kuwa la hiari likatekelezwa sehemu nyingi kwa malori, askari na nyumba zilizochomwa moto.

Kwa mtu wa Uluguru jambo hili lina kumbukumbu iliyotangulia ujamaa. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo, uliolenga kuzuia mmomonyoko wa udongo na kulinda maji ya mito inayoteremka kuelekea Ruvu, na ukawalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Kwa maneno lilikuwa jambo jema. Kwa vitendo udongo mzuri wa juu, ambao katika sehemu nyingi za milima hiyo ni mwembamba, ulifukiwa na ule usiozaa ukaja juu. Mwanamke aliyetumia siku zake kuchimba kwa amri alirudi msimu uliofuata kuvuna kidogo kuliko alivyovuna kabla ya kuelimishwa. Julai 1955 huko Matombo umati uliokuwa ukipinga mradi huo ulikabiliana na askari, mtu mmoja akapigwa risasi akafa, na mradi ukaachwa. Gamba la Nyoka haitaji Matombo wala Waluguru. Hata hivyo swali lake ndilo lililoulizwa kwenye miteremko ile zaidi ya miaka 20 kabla: mtaalamu anayejua lililo jema kwa mkulima anapata wapi haki ya kumtuma askari akalifikishe? Kezilahabi aliona kwamba mabadiliko ya serikali, kutoka ya mkoloni hadi ya wananchi, hayakulifuta swali hilo. Aliona pia, na hapo ndipo uaminifu wake unapoonekana, kwamba wanakijiji wenyewe si malaika, kwamba wako wanaokataa mabadiliko kwa woga na kwa uchoyo, na kwamba miongoni mwa wasomi wanaowahamisha wamo wanaoamini kwa dhati wanachokifanya.

Uaminifu huo ulimletea sifa ya kukata tamaa. Wahakiki wenye mwelekeo wa Kimarx, waliokuwa na nguvu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka hiyo, walimtaka aonyeshe njia ya ukombozi, wakaona vifo vya Rosa, Kazimoto na Tumaini kuwa dalili ya mwandishi aliyekosa imani na umma. Jibu lake la wazi zaidi lilikuwa tamthilia ya Kaptula la Marx, inayomchekesha mtazamaji kwa rais Kapera anayelazimisha kuvaa vazi lisilomtosha, tamthilia iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kukaa karibu miaka 20 kabla ya kuchapishwa mwaka 1999, ujamaa ulipokuwa umeshaondoka madarakani. Kwa viwango vya Tirana adhabu hiyo ni nyepesi. Kwa kazi ya jukwaani, ambayo kicheko chake kinahitaji hadhira inayoishi mambo yaleyale, miaka 20 ni mingi mno.

Baada ya kuiandika tamthilia hiyo alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, ambako mwaka 1985 alikamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na aliporudi aliandika vitabu ambavyo wengi waliompenda walishindwa kuvielewa. Nagona ilichapishwa mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo kila kimoja kinaweza kumalizwa kwa siku moja na kumsumbua msomaji kwa miaka. Hakuna Ukerewe tena, hakuna mkuu wa wilaya, hakuna tarehe. Katika Nagona msimulizi asiye na jina anasafiri katika nchi isiyo na ramani kumtafuta mkombozi wa pili, anawakuta wanafalsafa wa Ulaya wa zama mbalimbali wakiwa na mabishano yao, na safari yake inaelekea kwenye Ngoma Kuu, tukio ambalo ndani yake mafungu yote ya fikra yanapaswa kuyeyuka. Mantiki ya riwaya ya uhalisia, yaani ile inayojaribu kuonyesha maisha jinsi yanavyoonekana, imevunjwa kwa makusudi: mambo yanatokea kama ndotoni, sentensi ni fupi, na mazungumzo yana utulivu wa mafumbo ya wazee.

Baadhi ya wahakiki walisema amekimbia, kwamba mwandishi aliyewahi kuwatetea wakulima sasa anaandikia maprofesa. Mfano wa Kadare unasaidia kuona kwa nini tuhuma hiyo inakosea. Kadare alilazimika kuingia katika istiara kwa sababu ukweli ulioandikwa waziwazi ungemwangamiza, kwa hiyo istiara yake ina ufunguo: msomaji akishajua kwamba Sultani ni Hoxha, mengi yanafunguka. Kezilahabi aliingia huko kwa hiari, akiwa ameshasema waziwazi alichotaka kusema juu ya vijiji na viongozi, na ndiyo maana Nagona haina ufunguo wa namna hiyo. Alifika hapo kwa kufuata swali lilelile hadi mwisho wake. Kama mtaalamu wa kilimo, mhubiri, mwanasiasa na mhakiki wote wanamjia mtu wa kawaida wakiwa na ukweli uliokwisha kukamilika, basi tatizo haliko kwa mmoja wao, liko katika dhana yenyewe ya ukweli uliokamilika, na riwaya inayoipinga dhana hiyo haiwezi kuandikwa kwa umbo linalojidai kuufahamu ulimwengu wote. Alivyowahi kuvunja vina na mizani ili sauti nyingine zipate nafasi, ndivyo alivyovunja masimulizi. Ni tendo lilelile, na anayemgawanya katika mwandishi wa zamani aliyeeleweka na mwandishi wa baadaye aliyepotea anampunguza.

Katikati ya miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko hadi kustaafu. Diwani yake ya pili, Karibu Ndani, ilikuwa imetoka mwaka 1988. Ya tatu, Dhifa, ilitoka Nairobi mwaka 2008. Januari 2020 alifariki dunia jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipata Tuzo ya Nobel, na ulimwengu ukaanza kuuliza kuhusu fasihi ya Tanzania, ukiwa umechelewa kumuuliza mtu aliyeweza kuandika tasnifu nzima kwa Kiingereza lakini akazitoa riwaya na mashairi yake yote kwa Kiswahili.

Hapa ndipo ulinganisho na Kadare unapouma. Kialbania kina wasemaji milioni chache tu, na kazi za Kadare zimetafsiriwa kwa makumi ya lugha, kwanza kwa sababu ya mtafsiri mmoja, Jusuf Vrioni, aliyezigeuza kwa Kifaransa cha hali ya juu, na kisha kwa sababu shirika la Fayard la Paris liliamua kuzikusanya zote katika juzuu zinazofuatana. Kiswahili kinazungumzwa na makumi ya mamilioni ya watu, na msomaji wa Kiingereza alipata uteuzi wa mashairi ya Kezilahabi mwaka 2015 kwa kazi ya Annmarie Drury, na Rosa Mistika mwaka 2025 kwa kazi ya Jay Boss Rubin, miaka 54 baada ya kutoka kwa Kiswahili. Hata hivyo upungufu mkubwa hauko nje. Vitabu vyake vilitawanywa kwa wachapishaji wa Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, na East African Literature Bureau iliyochapisha viwili kati ya hivyo ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mwanafunzi wa kidato cha sita Mafiga anayepewa jina la Kezilahabi darasani ana uwezekano mkubwa wa kukutana naye katika madesa, yaani karatasi za uchambuzi zinazotolewa nakala kwenye vibanda vya fotokopi, zenye vichwa vya habari vilivyopigwa mstari, dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, ambamo Rosa amekuwa mfano wa malezi mabaya na Kazimoto mfano wa msomi aliyepotoka. Karatasi hizo zinamsaidia kujibu mtihani, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo, kwani kitabu chenyewe mara nyingi hakipatikani. Ila zinamkabidhi kile hasa ambacho mwandishi alikikataa maisha yake yote, ukweli uliokwisha kukamilika kabla hajausoma.

Vitabu hivyo vikiwekwa pamoja, kwa Kiswahili chake, katika toleo moja ambalo shule na maktaba za mikoa zinaweza kulimudu, mambo mengi yaliyofichwa na mtawanyiko huo yataonekana. Moja ni hili. Rosa Mistika inamfikisha Rosa, baada ya kifo chake, mbele ya Mungu, akiwa na mashtaka dhidi ya baba yake, na ndani ya hukumu hiyo bado kuna kiti kilichokaliwa, kuna anayesikiliza na mwenye mamlaka ya kuamua. Mzingile inamtuma msimulizi kumtafuta mzee aitwaye Kakulu, aliyeachwa peke yake mbali na watu, ambaye wahakiki wengi wamemwona kuwa sura ya Mungu, na sasa ni binadamu anayebeba habari na mzee anayehitaji kuletewa. Kati ya vitabu hivyo viwili kuna miaka 20, na mwanafunzi wa seminari ya Nyegezi hakuacha kumtafuta mzee huyo. Aliacha tu kusubiri kuhukumiwa naye.